Mstari, mwangwi, au vyote viwili? Kuchagua modeli ya mabadiliko ya mtu mmoja mmoja

Data ya sleepstudy, inayokuja pamoja na kifurushi cha lme4 cha R (lugha ya kompyuta ya takwimu), ina watu 18. Kila mmoja alipimwa siku 10 mfululizo, kuanzia siku ya 0 hadi ya 9: ni milisekunde ngapi zinapita kati ya ishara kutokea na yeye kuiitikia. Walipoanza kunyimwa usingizi, waliruhusiwa kukaa kitandani kwa muda wa saa 3 tu kila usiku. Wengi walizidi kuwa wazito wa kuitikia, kama mtu anavyotazamia. Lakini yupo mmoja, nambari 335, aliyekataa kufuata msafara. Mchoree mstari wake peke yake na utaona muda wake wa kuitikia ukipungua milisekunde 2.88 kila siku. Yaani kadiri anavyokosa usingizi, ndivyo anavyochangamka.

Umwamini? Zana moja itakuambia ndiyo, nyingine itakuambia hapana, na ya tatu itakuambia kiasi gani cha kumwamini. Nitaziweka bega kwa bega, nikimtumia huyuhuyu 335 kila inapowezekana. Ila kuna swali linalotangulia zana, na wengi huliruka.

Anasafiri, au anayumba?

Tunaposema mtu "amebadilika kadiri muda unavyokwenda", huwa tunasema mambo mawili tofauti kwa maneno yaleyale. La kwanza ni safari: mtoto anajifunza kusoma, mgonjwa anapona baada ya upasuaji, mzee anaanza kusahau. Kuna anakotoka na anakokwenda. La pili ni kuyumba: hali ya moyo, mapigo ya moyo, msongo wa mawazo. Mtu ana kiwango chake cha kawaida. Leo yuko juu yake, kesho chini, kisha anarudi. Haendi popote.

Modeli ya safari hutafuta mstari au mkunjo. Modeli ya kuyumba hutafuta mwangwi: ya jana yanasikika kiasi gani leo? Ukimpa msafiri modeli ya kuyumba, safari yake yote itasomwa kama mwangwi mkubwa ajabu, kwa sababu kila siku iliyo juu inafuatwa na siku nyingine iliyo juu. Ukimpa anayeyumba modeli ya safari, utapata mstari bapa na rundo la mabaki (tofauti kati ya vipimo na mstari) unayoyaita kelele, kumbe humo ndimo habari yenyewe ilimojificha.

Kila mtu kivyake, wote pamoja, au katikati

Njia ya kwanza ni kumchorea kila mtu mstari wake. Ni ya haki, ni rahisi kuieleza, na ikiwa una vipimo mia mbili kwa kila mtu huenda hauhitaji zaidi. Ukiwa na vipimo 10, siku moja mbaya inaweza kuupindua mstari mzima.

Njia ya pili ni kuwamwaga wote kwenye chungu kimoja na kuchora mstari mmoja. Katika data hii unapata ongezeko la milisekunde 10.47 kwa siku. Ni kweli kwa kundi, lakini wa kumweleza huyo 335 habari hiyo ni nani?

Modeli ya ngazi husimama katikati. Ngazi ya chini ni vipimo vya mtu. Ngazi ya juu ni watu wenyewe, wanaochukuliwa kuwa wametoka katika kundi lenye wastani na mtawanyiko. Watu hukopeshana taarifa. Mwenye vipimo vichache au vyenye kelele hukopa nyingi na kuvutwa karibu na wenzake; mwenye vipimo vingi vilivyonyooka huachwa karibu na pale alipo. Hapa chini ni kasi ya mabadiliko ya watu watatu, kwa milisekunde kwa siku:

| Mtu | Mstari wake peke yake | Modeli ya ngazi |
|---|---|---|
| 308 | 21.76 | 19.67 |
| 309 | 2.26 | 1.85 |
| 335 | −2.88 | −0.28 |

Nambari 335 amevutwa hadi karibu na sifuri: modeli inasema huenda hachoki, lakini hadithi ya kuchangamka haina miguu ya kusimamia. Sasa mtazame 309. Wastani ni 10.47, naye amesogea *mbali* nao, kutoka 2.26 hadi 1.85. Wengi hufundishwa kwamba kila kitu huvutwa kuelekea wastani, kisha wanakutana na mtu kama huyu wanadhani wamekosea kuandika amri. Hawajakosea. Kianzio cha 309, yaani pale mstari wake unapoanzia siku ya 0, kilikuwa chini mno, milisekunde 205, na modeli ikakipandisha hadi 211. Mstari ukiinuliwa upande wa mwanzo, lazima ulale kidogo upande wa mwisho ili uendelee kupita katikati ya vipimo vyake. Kinachovutwa ni mstari mzima, kianzio na kasi kwa pamoja.

Kwa hiyo kama una watu wengi wenye vipimo vichache kila mmoja, hapa hakuna mjadala: chukua ngazi. Mjadala ni ngazi ya namna gani.

Ngazi ya kawaida dhidi ya ngazi ya Bayes

Kwa data hii lme4, zana ya ngazi ya kawaida, inamaliza kazi kabla hujatoa mkono kwenye kibodi. Inakupa wastani wa kasi 10.47, mchepuko sanifu wa kasi kati ya watu (kipimo cha mtawanyiko wao) 5.92, na uhusiano wa 0.07, kwa kipimo cha −1 hadi 1, kati ya kianzio na kasi. Nambari safi, za kupendeza. Tatizo ni usafi huo. Ukiomba masafa ya 95%, yaani mipaka ambayo thamani ya kweli huenda imo ndani yake, uhusiano ule wa 0.07 unageuka kuwa chochote kati ya −0.48 na 0.68, maana yake data haijui kitu kuhusu jambo hilo. Na mchepuko wa 5.92 unaweza kuwa 3.80 au 8.75.

Tusiwaonee watu wa ngazi ya kawaida: masafa hayo yametoka kwenye zana yao wenyewe. Ila inapofika kumsemea mtu mmoja, zana hiyo huushika mchepuko wa 5.92 kana kwamba hauna shaka yoyote, kisha inaendelea na hesabu. Tofauti inaonekana ukiuliza hivi: kesho akiletwa mtu mpya, kuna uwezekano gani kwamba kasi yake itakuwa chini ya sifuri? Ukichukua 10.47 na 5.92 bila maswali, unapata karibu 4 katika 100. Badilisha 5.92 kwa 3.80 na uwezekano unashuka chini ya 1 katika 100. Weka 8.75 na unapanda hadi karibu 12. Jibu la "4" lilikuwa limebeba shaka kubwa bila kuitaja.

Modeli ya Bayes haichagui mchepuko mmoja. Inachota maelfu ya michanganyiko ya vigezo inayokubaliana na data pamoja na matarajio ya awali (unayoyaweka kabla ya kuiona data), na kila mchanganyiko unatoa jibu lake la swali hilo. Mwishoni una mgawanyo mzima wa majibu, na shaka ya ngazi ya juu imeshateremka yenyewe hadi kwa mtu mmoja. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuhamia upande huu. Falsafa ya uwezekano ni nzuri kwa mazungumzo ya jioni, lakini kinachonilipa mchana ni kuweza kuuliza swali lolote kuhusu mtu yeyote na kupata jibu lenye shaka yake halali.

Sababu ya pili ni watu wachache. Ukiwa na watu watano au sita, ngazi ya kawaida mara nyingi hukadiria kwamba tofauti kati yao ni sifuri kamili, au kwamba uhusiano ni 1 kamili, kisha inakupa onyo kuwa makadirio yamegonga ukingo. Hakuna anayeamini kwamba binadamu watano wanafanana kabisa. Matarajio ya awali yaliyowekwa kwa busara juu ya mchepuko huo huizuia modeli isiangukie ukingoni.

Hapa ndipo wapinzani huuliza: na hayo matarajio unayatoa wapi? Swali ni la haki. Kuacha nafasi pana kupita kiasi kwa kuogopa upendeleo si unyenyekevu. Chukua mtu anayeanza na milisekunde 250, na useme kasi yake inaweza kuwa chochote, kwa wastani wa 0 na mchepuko wa 100. Baada ya siku 9, karibu watu 4 katika 10 wa modeli yako watakuwa wanaitikia ishara kabla haijatokea. Shusha mchepuko hadi 10 na miujiza hiyo inakwisha karibu yote, huku ukiacha nafasi ya kutosha kwa mtu kama 308. Namna ya kujua ni kuiendesha modeli bila data kwanza na kutazama watu inaowazalisha. Wakitokea mazimwi, rekebisha. Kwa uhusiano kati ya vigezo, mgawanyo uitwao LKJ, uliotokana na kazi ya Lewandowski, Kurowicka na Joe ya mwaka 2009, umekuwa chaguo la kawaida.

Na ukiwa na watu mia tano, kila mmoja na vipimo vingi, na swali lako ni wastani wa kundi tu? Tumia ngazi ya kawaida uende zako. Majibu yatakaribiana sana, na saa mbili za kompyuta utakuwa umeziokoa.

Mwangwi wa jana

Hadi hapa tumejifanya kwamba ukishaondoa mstari wa mtu, mabaki ya leo hayajui ya jana. Kwa vipimo vya kila mwaka huenda ni sawa. Kwa vipimo vya kila siku, au vya mara tano kwa siku kupitia simu, ni nadra sana. Aliyeamka na huzuni jana ana nafasi kubwa ya kuamka nayo leo. Ukipuuza mwangwi huo, kila kipimo kinahesabiwa kama taarifa mpya kabisa ilhali nusu yake ni marudio, na masafa yako yanakuwa membamba kuliko ukweli.

Dawa ya kwanza ni kuongeza otoregresheni kwenye mabaki: sehemu fulani ya mabaki ya jana inaingia leo. Kigezo kikiwa 0.5, mshtuko wa leo unabaki nusu kesho, robo keshokutwa, na moja ya nane siku inayofuata. Katika brms, kifurushi cha Paul-Christian Bürkner kinachoiendesha Stan (programu ya kukokotoa modeli za Bayes) kwa lugha inayofanana na ya lme4, hili ni neno moja tu la kuongeza kwenye fomula. Lakini soma vizuri: neno hilo huwapa watu wote mwangwi *mmoja*. Kwa anayetaka tu masafa yasiyomdanganya, inatosha.

Kwa anayetaka kujua nani hung'ang'ania huzuni yake na nani huitikisa haraka, haitoshi. Huyo anahitaji mwangwi wa kila mtu, na hiyo ni modeli nyingine. Njia zake ni tatu. Ya kwanza ni kuingiza kipimo cha jana kama kigezo cha kutabiri chenye athari tofauti kwa kila mtu, baada ya kukitoa wastani wa mtu huyo. Ya pili ni kuiandika modeli yote kwa Stan, wastani wa mtu ukiwa kigezo kinachokadiriwa pamoja na mengine. Ya tatu ni programu ya Mplus, ambayo tangu toleo la 8 la mwaka 2017 inafanya jambo hili kwa Bayes bila wewe kuandika mashine yenyewe. Hii ni ya kulipia.

Njia ya kwanza inavutia kwa urahisi wake, na ndiyo yenye mtego. Stephen Nickell alionyesha mwaka 1981 kwamba kutoa wastani uliokadiriwa kutoka vipimo vilevile hupunguza mwangwi, takriban kwa jumla ya 1 na mwangwi wenyewe, igawanywe kwa idadi ya vipimo ukitoa kimoja. Mwangwi wa kweli ukiwa 0.4 na vipimo vikiwa 10, unapoteza karibu 0.16, na unachokiona ni 0.24. Vipimo vikiwa 50, unapoteza 0.03 tu. Kuongeza watu hakusaidii hata kidogo. Elfu kumi watakupa 0.24 ileile, ila kwa uhakika zaidi. Njia ya pili na ya tatu, zinazokadiria wastani na mwangwi kwa wakati mmoja, hukwepa sehemu kubwa ya mtego huu.

Msimamo wangu, na si sheria ya mtu: chini ya vipimo 20 kwa mtu siombi mwangwi wa kila mtu. Modeli italeta nambari, lakini zitakuwa karibu zote za kukopa. Na kwa mfululizo mfupi, safari ya polepole na mwangwi mkubwa hufanana mno. Data pekee haiwezi kuzitenganisha. Lazima uje na ujuzi kutoka nje.

Kuna jambo jingine ambalo modeli hizi hulidai, nalo ni kutenganisha kati ya watu na ndani ya mtu. Wanaofanya mazoezi sana wana mapigo ya moyo ya polepole wakipumzika kuliko wasiofanya. Lakini mtu yuleyule akiwa *anafanya* mazoezi, mapigo yake yanapanda. Uhusiano mmoja uko juu, mwingine chini, na yote mawili ni kweli. Peter Molenaar aliandika kwa ukali mwaka 2004 kuhusu desturi ya kupima tofauti za kati ya watu na kudai umejua ya ndani ya mtu. Ndiyo maana kigezo chochote kinachobadilika kila siku kigawe mara mbili: wastani wa mtu uende ngazi ya juu, na tofauti ya leo na wastani wake ibaki chini.

Vipimo vilivyotawanyika ovyo

Simu inalia saa nne, kisha saa sita, kisha mtu analala, kisha asubuhi. Otoregresheni ya kawaida huhesabu hatua, haihesabu saa. Modeli za wakati endelevu huhesabu saa: mwangwi wa 0.5 kwa siku unakuwa 0.71 kwa nusu siku na 0.25 kwa siku mbili, bila kigezo kipya. Kifurushi cha ctsem kimejengwa kwa kazi hiyo. Kama nafasi zinatofautiana kidogo tu, usijisumbue.

Na kama safari ni mkunjo usiojulikana umbo? Mikunjo laini ya kifurushi cha mgcv cha Simon Wood, ambayo brms pia inaipokea, itafika mbali. Michakato ya Gauss, njia nyingine ya kukadiria mkunjo, ni mizuri zaidi kwa nadharia, lakini gharama yake hupanda kwa mchemraba wa idadi ya vipimo: ukiviongeza maradufu, unasubiri mara nane.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye lebo

Stan hukusanya programu kwanza, kisha inachota. Modeli ndogo ni dakika. Modeli ya mwangwi wa kila mtu yenye watu mia inaweza kula usiku. Baadaye kuna ukaguzi ambao ngazi ya kawaida haikudai: minyororo minne ya sampuli ifike mahali pamoja, R-hat (kipimo cha kukubaliana kwa minyororo hiyo) iwe chini ya 1.01 kama Vehtari na wenzake walivyopendekeza mwaka 2021, na kusiwe na maonyo ya hatua zilizopotea njia. Maonyo hayo hutokea zaidi pale tofauti kati ya watu inapokaribia sifuri, umbo la mgawanyo likawa kama shingo ya faneli. Kwa mtu anayeandika Stan mwenyewe, dawa ni kukadiria kila mtu kama idadi ya michepuko kutoka kwenye wastani, kisha kuizidisha. Brms hufanya hivyo bila kuombwa. Nimewahi kupoteza siku mbili nikiongeza idadi ya sampuli wakati tatizo lilikuwa hilo tu.

Asiye na subira ana INLA, ya Rue, Martino na Chopin (2009), inayokokotoa makadirio ya Bayes bila kuchota sampuli. Inapoifaa modeli yako, ni ya haraka sana. Isipoifaa, hakuna pa kuisukuma.

Halafu namna ya kulinganisha modeli zenyewe. Kuficha kipimo kimojakimoja na kukitabiri kwa majirani zake ni mtihani rahisi mno kwa mfululizo, kwa sababu modeli inaona jana na kesho. Kama lengo ni kutabiri kesho ya mtu huyohuyo, ficha kesho yote. Kama lengo ni mtu mpya, mfiche mtu mzima. Modeli inayoshinda mtihani mmoja inaweza kushindwa mwingine.

Kwa data hii ya usingizi

Ningeanza kwa kitu ambacho hakihusu Bayes kabisa. Siku ya 0 na ya 1 zilikuwa za kuzoea na kufundishwa, ya 2 ndiyo kipimo cha msingi, na kunyimwa usingizi kulianza baada ya hapo. Mstari unaoanza siku ya 0, ambao karibu kila somo huuchora (na mimi nimeutumia hapo juu kwa sababu nambari zake zinajulikana), unachanganya kujifunza na kuchoka. Ningezitupa mbili za kwanza.

Zinabaki siku 8 kwa watu 18. Hiyo ni safari, si kuyumba, na vipimo havitoshi kwa mwangwi wa kila mtu. Ningechukua ngazi ya Bayes yenye kianzio na kasi ya kila mtu, matarajio ya awali ya kasi yenye mchepuko wa 10, na mwangwi mmoja wa wote kwenye mabaki. Kama ningehitaji tu wastani wa kundi, lme4 na chai.

Nambari 335 ni mfano wa kinachoweza kusemwa kuhusu mtu mmoja. Kwa siku zote 10, kasi yake ya −0.28 ina mchepuko wa karibu 2.3, yaani masafa ya takriban −5 hadi +4. Hilo halitoshi kusema anachangamka, wala kusema anachoka. Linatosha kabisa kusema kwamba hayuko njia moja na 308.